Nimepiga boneti mchanga, imegeuka kifuniko cha kopo. Milango na paa nitumie chembe gani?

#1 BatiTupu
Wakuu, kwema? Naingia moja kwa moja kwenye mada. Nina gari dogo la miaka ya 70, nalivua rangi bodi nzima hadi bati tupu. Juzi nilianza na boneti. Nilitumia mchanga wa kawaida unaorushwa kwa hewa ya kompresa, nimeuchekecha na kuukausha, presha 90 psi (pauni kwa inchi ya mraba), pua ya bomba kama sentimita 15 kutoka kwenye bati. Rangi iliruka vizuri kweli, kutu nayo ikaondoka, nikajiona fundi. Nilipoifuta vumbi na kuinama kuitazama kwa ubavu, nikaona mwanga unavunjika katikati. Nikalaza rula ndefu: tumbo limeinuka. Ukilibonyeza kwa kidole gumba linashuka "tok", ukiachia linarudi "tok".

Milango minne, fenda mbili na paa havijaguswa. Mtu mmoja kaniambia kosa ni joto. Mwingine kasema kosa ni mchanga wenyewe, nihamie chembe za soda (bikaboneti, ile ya unga). Nimsikilize nani?

#2 Chungulia
Ngoja wajuzi waje. Nimeshakaa siti ya mbele.

#3 FundiKimya
Ni joto, mkuu. Punje ikigonga bati kwa kasi ile inatoa cheche, piga gizani utaziona mwenyewe. Bati la bodi lina unene wa milimita 0.7 hadi 1 tu, halina pa kulificha joto. Ukiganda sehemu moja linatanuka, halafu likipoa halirudi lilikotoka. Kinachotakiwa ni mkono usiotulia: unafagia, husimami. Chembe yoyote itakupindishia bati ukiganda.

#4 PunjeNaPunje
FundiKimya nakuheshimu, lakini joto linasingiziwa. Hewa inayotoka kwenye ile pua ni ya baridi, na punje inakaa juu ya bati muda mfupi mno.

Kinachopinda bati ni kugongwa. Kila punje ni nyundo ndogo. Ukigonga upande mmoja mara laki kadhaa, ngozi ya upande ule inataka kutanuka, ya nyuma haina habari. Bati halina njia ila kujikunja, tumbo likiutazama upande uliopigwa. Hili si jambo la vijiweni. Miaka ya 1940 John Almen wa General Motors alitengeneza vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nguvu ya upigaji wa gololi: unakifunga kipande, unakipiga upande mmoja, unakifungua, unapima kimejikunja kiasi gani. Mpaka leo viwanda vinavitumia na vinaitwa kwa jina lake.

BatiTupu, tumbo limeinuka kuja ulikosimama au limezama?

#5 BatiTupu
@PunjeNaPunje limeinuka kuja kwangu.

#6 PunjeNaPunje
Basi jibu unalo.

#7 FundiKimya
Taratibu. Boneti imeumbwa na mgongo tayari. Ikitanuka kwa sababu yoyote ile, iwe joto au nyundo zako, itafuata mgongo wake kwenda juu. Kuinuka hakumwachi huru yeyote. Mimi nimeshika fenda iliyotoka kupigwa, haishikiki.

#8 DadaGrainda
Haishikiki kwa mchanga au haishikiki kwa jua la saa saba? 😂

Mnagombana juu ya sababu wakati mtu ametaja 90 psi na sentimita 15. Hapo hata chembe laini ingefanya maafa. Kwenye bati la bodi mimi sivuki 40. Naanza na 30, nasimama kama sentimita 45 mpaka 60, na pua siielekezi wima. Naiinamisha iwe kama nyuzi 30 hadi 45, ili punje iparue rangi badala ya kuligonga bati kifuani. Ukiona kazi haiendi usipandishe presha, badilisha chembe.

Swali kwako BatiTupu: unatumia pipa la presha au bunduki ya kunyonya (ile inayovuta chembe kwa mkondo wa hewa)? Sitini ya pipa si sawa na sitini ya kunyonya. Pipa linasukuma chembe zenyewe ndani ya mpira, zinafika kwenye pua zikiwa tayari na mwendo.

#9 BatiTupu
Pipa la presha. Na namba zangu nilizitoa kwa jamaa mwenye bunduki ya kunyonya. Daah.

#10 DadaGrainda
Pole. Angalau chanzo kimojawapo tumekiona.

#11 KutuHainaRafiki
Mimi nina wazo la tatu, na nawaomba msinirushie mawe. Je, kama boneti ilikuwa imepinda siku zote? Gari la miaka ya 70 halikosi historia. Mtu aliigonga, mwingine akainyoosha nusu, akaijaza puti, akapaka rangi. Puti ikishakauka inalishika bati kama plasta ya mfupa. Umekuja umeitoa yote, bati likarudi kwenye hali yake ya kweli. Nilivua mlango mmoja nikakuta puti nene kama kidole, na chini yake matundu ya kuvutia bati yamepangwa kama kadi ya basi iliyotobolewa. Mlango ule ulikuwa umeoza kabla sijazaliwa.

#12 BatiTupu
@KutuHainaRafiki nililifikiria hilo. Puti ilikuwepo, lakini pembeni kulia karibu na taa. Lilipopinda ni katikati, na pale palikuwa na rangi mbili tu na praima (rangi ya msingi).

#13 KutuHainaRafiki
Basi wazo langu lifie pembeni kulia.

#14 PunjeNaPunje
😂😂 Lisife, lina watu wake.

Turudi kwenye chembe, maana swali la mleta uzi bado linaning'inia. Kuna vitu vitatu watu wanavichanganya: ugumu, ukubwa na uzito.

Ugumu kwa kipimo cha Mohs (1 ni laini kabisa, 10 ni almasi): bikaboneti ya soda kama 2.5, plastiki 3 hadi 4, gololi za kioo na kioo kilichosagwa kati ya 5 na 6, mchanga wa kwazi 7, ganeti (madini yaliyosagwa) inacheza 7 hadi 8, oksidi ya alumini 9. Ganda la jozi lililosagwa liko jirani na plastiki.

Lakini ugumu peke yake haupindishi bati. Punje yenye kipenyo mara mbili ina uzito mara nane. Ndiyo maana ganeti ya punje ndogo, namba 80, kwa presha ndogo inaweza kuwa mpole kuliko mchanga wenye ugumu mdogo kidogo ila wenye punje kubwa. Na mwendo ndio mbaya zaidi: ukiuongeza mara mbili, nguvu ya pigo inakuwa mara nne. Chembe za chuma msiziguse kabisa kwenye paneli. Zile ni za fremu na rimu.

#15 Chungulia
Swali la mgeni: namba 80 na namba 30, ipi kubwa?

#16 DadaGrainda
Kama msasa, mdogo wangu. Namba ikipanda, punje inashuka. Hiyo namba ni ya matundu ya chekecheke.

#17 SodaTu
Nashangaa uzi umefika hapa na soda imetajwa kwa pembeni. Soda! Punje inapasuka ikigonga, nguvu yote inaishia kwenye rangi. Bati halipindi na halikwaruziki. Unaweza kupita karibu na kioo na kromu bila kufunika kila kitu. Ile Sanamu ya Uhuru kule New York ilioshwa nje yote kwa soda miaka ya 80. Kama ilifaa kwa sanamu itashindwa na mlango wa gari?

#18 PunjeNaPunje
Sahihisho dogo: ilikuwa ndani, si nje. Walikuwa wanaondoa lami ya makaa ya mawe iliyopakwa upande wa ndani wa shaba, nje hawakutaka kuigusa ile ngozi ya kijani ya shaba iliyozeeka. Na ngozi ya shaba ile ina unene wa kama milimita 2.4, mara tatu ya mlango wako. Ila hoja yako inabaki, soda ni mpole.

#19 SodaTu
Nimepokea, ndani. Soda ni mpole ndani na nje.

#20 NyundoNaKigongo
Vijana, soda ninaijua vizuri kwa sababu ilinitia aibu. Nilivua buti na milango miwili, bati likatoka jeupe kama sahani. Likakaa wiki nzima bila kutu, nikafurahi. Nikapiga praima ya asidi, rangi, vanishi. Miezi minne baadaye mwenye gari akaja na kipande cha rangi mkononi. Kilikuwa kikubwa kama kiganja, kimebanduka chote na praima yake nyuma, safi, kama ganda la yai. Tulipobandua zaidi, chini kulikuwa na unga mwembamba mweupe.

Kile kinachozuia kutu kwa wiki nzima ndicho kinachokataa rangi. Soda inaacha mabaki ya alkali juu ya bati. Praima ya asidi ikikutana nayo, vinauana. Na soda hailichani bati, rangi haina pa kushika kucha. Na kutu haitoi, BatiTupu. Inavua rangi tu, kutu inabaki inakucheka.

#21 SodaTu
Shikamoo mzee. Kosa la hapo si soda, ni kutoosha. Unaosha kwa maji mengi, unapitisha siki iliyochanganywa na maji, unaosha tena, unakausha kwa hewa, halafu unaliparua bati kwa msasa wa 80 na unatumia praima ya epoksi, si ya asidi. Nina mlango una miaka sita.

#22 NyundoNaKigongo
Marahaba. Niliosha. Bapani palikuwa safi. Lakini kwenye pindo la mlango, pale bati la nje linapokunjwa kulikumbatia la ndani, utaoshaje? Baadaye nilipenyeza karatasi ya kupimia pH kwenye ule mkunjo, ikasoma 8, yaani alkali (7 ndiyo kati). Mabaki yalikuwa yamelala humo, maji ya kwanza ya mvua yakayatoa polepole. Rangi ilianza kubanduka kutokea kwenye pindo. Sasa niambie, ni kutoosha au ni soda?

#23 SodaTu
Hapo mzee nakupa nusu.

#24 MabawaYaBati
Niongeze la plastiki, naona limepitwa. Chembe za plastiki zilienea miaka ya 80 kwa ajili ya ndege. Jeshi la anga la Marekani lilikuwa linatafuta njia ya kuvua rangi bila kumwaga mapipa ya kemikali na bila kuumiza ngozi ya alumini. Kwenye gari zinafanya kazi ileile: 25 hadi 40 psi, rangi inaondoka tabaka kwa tabaka. Ukiwa na mkono mzuri unaweza kuondoa rangi ya juu na kuiacha praima ya kiwandani. Unazikusanya, unazichekecha, unazitumia tena mara kadhaa. Soda unaipiga mara moja tu.

Kasoro: kutu haitoi, sawa na soda. Na hakikisha hazijawahi kutumika kwenye kitu chenye chuma. Ukibeba vumbi la chuma ukalipigilia kwenye boneti ya alumini, umepanda mbegu ya ulikaji.

#25 MapafuYako
Nimesoma post zote mpaka hapa na hakuna aliyemuuliza mleta uzi alikuwa anapumua nini. BatiTupu, ulivaa nini usoni?

#26 BatiTupu
Miwani ya kuchomelea na leso.

#27 MapafuYako
Nilijua.

Mchanga wa kawaida una silika ya fuwele. Punje ikipasuka juu ya bati inatoa vumbi ambalo hulioni, chini ya mikroni 10, na hilo ndilo linalofika mwisho wa mapafu. Linaacha makovu. Ugonjwa unaitwa silikosisi, hauna tiba ya kuyarudisha mapafu, na unaweza kuendelea hata ukiacha kazi. Leso haizuii chochote. Uingereza walipiga marufuku kublasti kwa mchanga wenye silika tangu 1949. Marekani mchanga haujapigwa marufuku kwa kazi hii, lakini kikomo cha vumbi la silika kazini tangu kanuni ya 2016 ni mikrogramu 50 kwa mita moja ya ujazo, wastani wa saa nane. Ukiwa katikati ya wingu la mchanga umeshakipita zamani.

Na gari la miaka ya 70 linaweza kuwa na risasi kwenye rangi. Kwa hiyo hata ukibadilisha chembe, vumbi la rangi lipo palepale. Kofia yenye hewa ya kuletwa kwa bomba ndiyo yenyewe, na hewa iwe safi, si ile ya kompresa yenye harufu ya oili.

#28 Chungulia
Sasa kioo kilichosagwa si silika hiyohiyo? Tofauti iko wapi?

#29 PunjeNaPunje
Kioo kimetokana na silika, ila ikishayeyushwa na kuwa kioo inapoteza mpangilio wa fuwele. Fuwele ndiyo inayoleta silikosisi. Vumbi la kioo bado ni vumbi, usilivute, lakini si sumu ileile. Ganeti nayo, ikiwa safi, silika huru yake ni kidogo sana.

#30 FundiKimya
Mimi nimepiga mchanga miaka mingi na nipo.

#31 MapafuYako
Tunashukuru upo mkuu. Nenda kapige picha ya kifua.

#32 FundiKimya
...nimesikia.

#33 HewaKidogo
Naomba kuchepuka. Mnasema 30 psi, 40 psi kana kwamba kompresa zinaota mtini. Yangu ndogo inapumua dakika mbili halafu inabidi niisubiri dakika tano. Tatizo chembe au tatizo mimi?

#34 DadaGrainda
Tatizo pua. Pua ya milimita 3.2 kwa 100 psi inataka kama futi za ujazo 20 za hewa kwa dakika. Ukiweka ya milimita 6.4 inataka kama 81. Kipenyo mara mbili, hewa mara nne. Na pua ya kauri ikilika kidogo tu hewa inaisha bila wewe kujua. Pima pua yako kwa kijiti cha drili. Kama drili ya 5 inaingia kwenye pua uliyoinunua kama ya 3, umepata jibu.

Tega na maji pia. Hewa yenye unyevu ikikutana na soda ndani ya pipa unapata tofali.

#35 HewaKidogo
Drili ya 5 imeingia. Hata sikuisukuma. 🤦

#36 KutuHainaRafiki
Vipi kupiga kwa maji? Nimeona watu wanachanganya kioo na maji, vumbi halionekani kabisa, na maji yanapoza bati, FundiKimya atafurahi.

#37 FundiKimya
Nimefurahi. Na bati halipindi. Sasa niambieni kwa nini.

#38 PunjeNaPunje
Linaweza kupinda vilevile ukizidisha presha, maji hayafuti nyundo. Na vumbi linapungua, haliishi. Halafu bati lililolowa linaanza kutu ya chungwa ukiwa bado umeshika bomba, usipoweka dawa ya kuzuia. Dawa hiyo nayo uioshe au uhakikishe praima yako inaivumilia. Tumerudi kwa mzee na karatasi yake ya pH.

#39 NyundoNaKigongo
Karatasi ninayo bado. Mwenye mkunjo anayeutilia shaka aje.

#40 BatiTupu
Mrejesho, wakuu. Wikiendi nilichukua fenda ya kushoto. Sehemu pana nimeivua kwa diski ya msasa wa 80 bila kublasti. Pembe, tundu la taa na pindo la gurudumu ndiyo nimepiga ganeti namba 80, 35 psi, sentimita 50, pua nimeiinamisha. Fenda haijapinda hata kidogo, rula imelala. Kofia nimeazima, nashukuru @MapafuYako, sikujua mtu anaweza kumaliza kazi hii bila kutema mate meusi.

Ila kuna jambo. Nilipuliza hewa kwenye lile pindo mpaka nikachoka, nikageuza fenda, nikaigonga kwa kiganja. Nikaanza kupiga praima. Hewa ya bunduki ya rangi ilipogusa pindo, ganeti ikachomoka mstari mzima na kunata kwenye praima mbichi, kama pilipili manga. Nimesugua upya.

#41 DadaGrainda
Ziba pindo kwa tepu nene kabla ya kupiga, au liache pindo ulivue kwa mkono. Mimi naisimamisha paneli pindo likiwa chini usiku kucha, asubuhi nakuta kilima kidogo sakafuni.

#42 BatiTupu
Na kuhusu joto au nyundo: nimekata kipande cha bati kutoka paneli mbovu, upana wa vidole viwili, nikakipiga upande mmoja kwa mchanga na presha ileile ya siku ile. Kimejikunja kama upinde, tumbo kwangu. Nikakigeuza nikapiga upande wa pili, kikanyooka karibu chote.

#43 PunjeNaPunje
Asante. Sina la kuongeza.

#44 FundiKimya
Mimi ninalo. Kipande chako kilikuwa huru, hakina fremu. Boneti imebanwa pande zote na fremu ya ndani, katikati hapana pa kukimbilia joto wala pa kukimbilia bati. Na joto ulipima?

#45 BatiTupu
Nilipima kwa kile kipima joto cha miale. Kilisoma kidogo tu juu ya joto la hewa.

#46 PunjeNaPunje
Hapo lazima nimtetee FundiKimya, inaniuma. Kipima cha miale kinadanganya kwenye bati tupu, kinasoma chini kuliko hali halisi. Inabidi ubandike tepu nyeusi upime juu ya tepu.

#47 FundiKimya
Tepu ipigwe na ganeti ibaki? 😂

#48 DadaGrainda
Inabandikwa upande wa nyuma, mkuu.

#49 BatiTupu
Mlango wa kulia nyuma bado una rangi yote, na ule umeoza chini, siuonei huruma. Nitabandika tepu kwa ndani. Nusu nitapiga nikiwa nimeganda sehemu moja, nusu nikifagia.

#50 Chungulia
Sihami.